MJENZI HAJENGI PEKE YAKE

Katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu natoa maoni yangu juu ya kazi kubwa za ujenzi, nikianza na zile zilizo karibu nasi hapa Bujumbura.

Jambo ninalotaka kulieleza ni hili. Bandari, reli au kinu cha umeme havifaulu wala haviharibiki kwa sababu ya mafundi wake tu. Mara nyingi amri hutoka nje ya uzio wa kazi: hutoka ziwani, au mpakani, au katika soko la mbali ambalo fundi hajaliona kwa macho. Mambo hayo tumezoea kuyaita bahati mbaya. Mimi nasema kwamba mengi yake hujulikana kabla jiwe la kwanza halijawekwa, na kwamba ni wajibu wa mjenzi kuyahesabu kama anavyohesabu mawe na simenti.

Naandika hivi kwa ajili yenu wadogo zangu mlio madarasani sasa, kwa kuwa nasikia wengi wenu mnataka kuwa mainjinia. Ni jambo jema sana. Lakini mimi niliyetoka shuleni hapa, na ambaye kazi yangu ni ukarani wa mizigo, nimeona kwamba hesabu tulizofundishwa ubaoni ni nusu tu ya kazi. Gunia la simenti halifiki kwa sababu injinia amelihitaji. Hufika kwa sababu barabara ni nzima, mpaka uko wazi, mafuta yamepatikana, na fedha ya kigeni imekuwapo benki. Likikosekana moja katika hayo, mafundi mia hukaa kivulini wakingoja, na mshahara wao unaendelea kuhesabiwa.

Tuanze na ziwa letu. Tanganyika lina njia moja tu ya kutolea maji, nayo ni mto Lukuga, upande wa Kongo, penye mji wa Kalemie. Mto huo ukizibwa na mchanga na majani, ziwa hupanda. Ukifunguka, ziwa hushuka. Katika karne ya 19 ulizibwa, na maji yakapanda hadi ukingo ukakatika mwaka 1878. Baada ya hapo ziwa likashuka karibu mita 10 katika muda usiofika miaka 20. Anayetaka ushahidi aende Ujiji. Mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871 palikuwa karibu na maji, na leo mtu akisimama penye ukumbusho huo huna budi kumwonyesha ziwa lilipo, maana limekwenda mbali. Wajerumani walipotafuta mwisho wa reli yao hawakuuchagua Ujiji uliokuwa mji mkubwa wa biashara, bali walichagua ghuba ya Kigoma yenye kina na kinga. Hivyo mji ukapoteza cheo chake, wala si kwa kosa la waashi wake.

Halafu zikaja mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya 1960, na mwaka 1964 ziwa likapanda sana hapa Bujumbura. Wazee wa Buyenzi na wavuvi wa pwani waliyaona maji yale, na wengine waliweza kukuonyesha kwa fimbo mahali yalipofika. Baadaye maji yakarudi, na watu wakasahau. Ardhi iliyokuwa imefunikwa ikaonekana kuwa nzuri, tambarare, yenye upepo wa ziwa. Ikapimwa, ikauzwa, ikajengwa nyumba na hoteli. Hata sheria ya maji ya mwaka 2012, iliyotaka eneo la mita 150 kutoka ukingo wa Tanganyika liachwe, iliwakuta wengi wamekwisha kujenga, na wengine wakajenga baada yake.

Mwaka 2024 ziwa lilikuja kudai mahali pake. Mvua zilizoanza mwezi wa Septemba 2023 ziliwagusa watu zaidi ya 200,000 katika nchi yetu, na mwezi wa Aprili 2024 serikali pamoja na Umoja wa Mataifa ikaomba msaada wa dunia. Huko Gatumba, penye mto Rusizi, watu waliokwisha kuhamishwa na mafuriko ya mwaka 2020 walihama tena. Maji yaliingia hata bandarini, na kazi ya mizigo ikavurugika. Mtu aliyekuwa na shehena yake pale hakujali tena kama gati lilijengwa kwa simenti nzuri au mbaya.

Sasa nauliza: je, hii ni bahati mbaya? Jambo lililotokea mwaka 1878, likatokea mwaka 1964, na likatokea tena mwaka 2024, mimi siwezi kuliita bahati mbaya. Ni tabia ya ziwa. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya ziwa kupanda ni kwamba lilipanda zamani. Wala haitoshi kuogopa kupanda tu. Kabla ya miaka hii ya mafuriko, shida ya bandari yetu ilikuwa kinyume chake: maji kupungua, na udongo unaoshuka kutoka milimani kujaza mahali pa meli. Kwa hiyo mjenzi wa gati la Bujumbura lazima ajenge kwa maziwa mawili, lile lililo juu na lile lililo chini, ingawa macho yake yanaona moja.

Jambo la pili la nje ni siasa na vita. Hapa yafaa tukumbuke habari ya reli, maana inatuhusu sana. Wajerumani walianza kuijenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, safari ya kilomita zipatazo 1,250. Ilikuwa kazi ya kusifiwa. Mwaka huo huo wa 1914 walianza kazi ya reli nyingine kutoka Tabora kuelekea Rwanda. Lakini mwezi wa Juni mtu mmoja alipiga risasi Sarajevo, mji ambao wafanyakazi wa reli hawakuujua hata jina, na mwezi wa Agosti vita vikuu vikaanza. Kazi ikasimama. Waingereza walipoitawala Tanganyika baadaye, reli waliyoijenga kutoka Tabora ilikwenda Mwanza, ikafika mwaka 1928. Sisi tukabaki bila reli. Zaidi ya miaka 100 imepita, na mzigo wetu ungali unapandishwa milima kwa magari.

Meli ya Graf von Götzen nayo ilipata mambo ya vita hivyo. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa makasha 5,000, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 wenyewe waliizamisha ili isitekwe. Iliopolewa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, na wengi katika sisi tunalijua jina hilo kutoka kwa babu zetu. Angalieni: mainjinia wale walioizamisha waliipaka mafuta mazito mashine zake, wakitumaini kuirudia. Wao hawakurudi, lakini kwa uangalifu wao meli ilipona. Kwa maoni yangu, huyo ndiye fundi aliyehesabu mambo ya nje. Hakuweza kuzuia vita, lakini alifanya kazi yake kwa namna ambayo vita havikuweza kuimaliza.

Mfano mwingine ni wa siku za karibu. Mwezi wa Julai mwaka 1996, baada ya serikali kupinduliwa hapa kwetu, nchi za jirani zilitufungia biashara, na vikwazo hivyo vilidumu hadi Januari 1999. Bandari ya Bujumbura haikuwa imebomoka. Magati yalikuwapo, na makarani walikuwapo. Lakini mlango wa nyumba yetu una ufunguo ambao nusu yake iko kwa jirani. Mtu asiye na bahari anapojenga gati, anajenga pia urafiki na yule mwenye bahari. Akiusahau urafiki huo, gati lake ni mahali pa kupungia upepo tu.

Hali hiyo tuliiona tena katika vinu vya umeme vya Jiji na Mulembwe, kusini mwa nchi yetu, ambavyo pamoja vilipangwa kutoa megawati 49.5. Benki ya Dunia ilikubali kutoa fedha mwaka 2014. Mwaka uliofuata siasa ikachafuka, watu wakakimbia, na wafadhili wengine wakarudi nyuma. Miaka ikapita kabla mitambo mikubwa haijaonekana ikichimba. Mito ile ilikuwa inatiririka wakati wote huo, na maporomoko hayakupungua. Kilichopungua ni imani ya wenye fedha.

Jambo la tatu ni bei na fedha. Nchi yetu ina nikeli nyingi huko Musongati, na habari zake zinajulikana tangu miaka ya 1970. Kila mara linapotajwa suala la reli, nikeli hutajwa kuwa ndiyo itakayoilipa. Lakini bei ya nikeli haipangwi Musongati. Mwezi wa Machi mwaka 2022, katika soko la madini la London, ilipanda ghafula hata ikapita dola 100,000 kwa tani kwa muda mfupi, na soko likafungwa. Baada ya hapo Indonesia ikamwaga nikeli nyingi duniani, na kwa sehemu kubwa ya mwaka 2024 tani moja ilikuwa chini ya dola 20,000. Mtu aliyepiga hesabu ya reli kwa bei ya mwaka 2022 na mtu aliyeipiga kwa bei ya 2024 wamechora reli mbili mbalimbali, ijapokuwa kilomita ni zile zile.

Na hapa mjini tangu mwaka 2021 tumejua foleni za mafuta, magari yakilala usiku kucha penye vituo. Chanzo kikubwa ni upungufu wa fedha za kigeni. Mtambo wa kuchimba udongo haujui siasa wala uchumi. Unajua mafuta tu. Ukikosa mafuta juma moja, kazi imechelewa juma moja, na mvua haikungoji.

Najua wako watakaonijibu hivi: "Ikiwa mambo ya nje yana nguvu kiasi hicho, basi injinia afanye nini? Azuie vita? Apange bei ya London?" Wengine watasema kwamba tukingoja ziwa litulie, majirani wapatane na bei ipande, hatutajenga hata kibanda. Maneno hayo yana haki ndani yake, wala sisemi tungoje. Aliyengoja mto ukauke ndipo avuke, hakuvuka. Ninalosema ni kwamba tofauti ya mjenzi mwerevu na mjenzi wa kubahatisha huonekana hapo.

Tazameni kinu cha Rusumo, juu ya mto Kagera, mpakani mwa Rwanda na Tanzania. Habari zake zilizungumzwa tangu miaka ya 1970, na vita vya nchi zetu vikazirudisha nyuma. Lakini nchi tatu, Burundi, Rwanda na Tanzania, zilikaa pamoja zikaunda kampuni moja ya kuujenga na kuugawana umeme sawasawa. Ilipoonekana kwamba bwawa kubwa lingezamisha mashamba na nyumba za watu wengi, mpango ulibadilishwa: kinu kikatumia maji yanayopita bila ya kuyarundika sana, na nguvu yake ikawa megawati 80. Walikubali kupata umeme kidogo kuliko walivyotaka ili wasipate maadui wengi. Kazi ilianza mwaka 2017, ikachelewa, maana ugonjwa wa korona uliingia katikati na mipaka ikafungwa. Hata hivyo mitambo ilianza kutoa umeme. Kuchelewa si kushindwa. Kinu kile kiliweza kuchelewa bila kufa kwa sababu watu wa mahali pale walisikilizwa na majirani walikuwa wamekubaliana kwa mkataba.

Nina neno moja pia kwa wakubwa wa kazi. Mambo ya nje yasifanywe kichaka cha kujifichia. Wako wakandarasi wanaochanganya mchanga mwingi na simenti kidogo, na ukuta ukianguka husema ni mvua. Wako wanaokula fedha za mafuta, kisha wakasema mafuta hayapatikani. Kwa hiyo mimi natumia kipimo kimoja. Likitokea jambo, nauliza: lilipata kutokea zamani mahali hapa? Kama lilipata kutokea na hakuna aliyelipangia, basi kosa ni la ndani, ingawa pigo limetoka nje. Kama halijatokea kamwe na hakuna aliyeweza kulifikiri, hapo tu ndipo tuseme bahati mbaya. Kwa kipimo hicho, mafuriko ya ziwa si bahati mbaya. Mpaka kufungwa si bahati mbaya. Bei kuanguka si bahati mbaya. Ugonjwa wa korona, labda.

Tuna nafasi sasa ya kutumia akili hiyo. Mwezi wa Januari mwaka 2025 ulitiwa sahihi mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati, kwa gharama ya dola bilioni 2.15 na muda wa miaka sita. Na mwezi wa Agosti mwaka huo kazi ikazinduliwa Musongati kwa shangwe. Mimi nami nilifurahi. Mzigo ninaouandika ungeshuka bei, na hata bati la mtu maskini lingekuwa rahisi. Lakini furaha isitufumbe macho. Reli yetu inaanzia Uvinza, na Uvinza iko juu ya njia ya Tabora na Kigoma, ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi mwezi wa Desemba 2022. Kipande kile kikichelewa, chetu kitakuwa kama ngazi iliyowekwa hewani. Tena kuna bei ya nikeli, kuna amani na jirani, na kuna fedha za kigeni za kununulia mafuta na vyuma. Mambo hayo manne yaandikwe katika ukurasa wa kwanza wa mpango, wala yasiachwe kwa wasemaji wa kutoa udhuru baadaye.

Na ikiwezekana, kila kipande cha kazi kiwe na faida yake chenyewe. Barabara ya kupelekea mawe kwenye reli ijengwe vizuri iwafae wakulima hata kama reli itakawia. Daraja la kazi lijengwe kwa namna ambayo wanakijiji watavuka. Kwa njia hiyo, siku vita au bei vikisimamisha kazi, watu hawatabaki na mashimo matupu. Hayo yanafaa pia kwa Ruzizi ya tatu, kinu cha megawati 206 ambacho nchi yetu inataka kukijenga pamoja na Kongo na Rwanda. Sote tunajua kwamba mwezi wa Februari mwaka 2025 vita viliingia hata Bukavu, karibu na mto huo.

Wadogo zangu, mkienda vyuo vya uinjinia someni hesabu kwa bidii, maana daraja halisimami kwa maneno. Lakini msizidharau jiografia na historia, mkidhani ni masomo ya watakaokuwa waalimu. Mjenzi wa bandari asiyejua habari za Lukuga hajui kazi yake. Mjenzi wa reli asiyejua vikwazo vya mwaka 1996 hajui njia yake inapita wapi. Na mkiwa likizo, kaeni na wazee wa pwani, kutoka Kabondo hadi Rumonge, muwaulize maji yalifika wapi walipokuwa vijana. Andikeni mahali na mwaka, mpime kwa kamba, muyalete shuleni yahifadhiwe. Wazee walioyaona maji ya mwaka 1964 wamebaki wachache. Siku mtu atakapokuja na ramani ya jengo kubwa ukingoni mwa ziwa, tuwe na karatasi ya kumwonyesha.

Nanyi kaka zetu mliotutangulia, ambao baadhi yenu mko katika wizara na makampuni, nawaomba msiogope kusema mapema. Karani akisema kwamba mafuta hayatatosha, asikemewe kuwa ni mtu wa kukatisha tamaa. Mpimaji akisema kwamba kiwanja kiko ndani ya mita 150, asihamishwe kituo. Jengo likisimama sote tutalisifu, na likianguka ni watoto wetu watakaolipa deni lake.

Mimi mwanafunzi wenu wa zamani,
Buyenzi, Bujumbura.